Katavi: Salamu za mwisho wa mwaka kwa watumishi wa afya zina uzito gani?

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

Wiki ya mwisho ya Desemba ni kipindi cha salamu katika utumishi wa umma. Viongozi huandika barua na kuzungumza katika vikao vya kufunga mwaka, wakiwashukuru watumishi kwa kazi iliyokwisha na kuwatia moyo kwa ile inayowasubiri. Katika sekta ya afya salamu hizo hutoka ngazi nyingi: Mganga Mkuu wa Serikali, Mganga Mkuu wa Mkoa, Waganga Wakuu wa Halmashauri, Mganga Mfawidhi wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, hadi mfawidhi wa zahanati ya kijijini anayeongoza watumishi wawili au watatu.

Mwananchi anaweza kuliona jambo hili kuwa ni la ndani ya utumishi, lisilomgusa. Kwa Mkoa wa Katavi linamgusa moja kwa moja. Hapa mwisho wa mwaka wa kalenda ndio mwanzo wa miezi migumu kuliko yote kwa mgonjwa na kwa anayemhudumia. Neno la kiongozi likiwa shukrani tupu husahaulika kabla ya Januari kwisha. Likibeba hesabu ya kazi iliyofanyika na mpango wa kazi ijayo, linaweza kuchangia uamuzi wa muuguzi wa Mishamo, Inyonga au Karema kubaki kituoni pake badala ya kuandika barua ya kuomba uhamisho.

Mkoa ulioongezeka maradufu

Tathmini yoyote ya mwaka katika Katavi inapaswa kuanza na idadi ya watu. Mkoa huu ulianzishwa rasmi mwaka 2012 baada ya kugawanywa kwa Mkoa wa Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Katika miaka kumi wameongezeka watu 588,354, ikiwa ni ongezeko la wastani wa asilimia 7.1 kwa mwaka, wakati wastani wa Taifa ulikuwa asilimia 3.2.

Sababu za ongezeko hilo zinafahamika kwa wakazi. Wakulima wamefuata ardhi yenye rutuba, wafugaji wamefuata malisho na wachimbaji wadogo wamefuata dhahabu. Aidha, Katavi ni makazi ya muda mrefu ya familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972 na kupokelewa katika makazi ya Katumba, ambayo sasa yapo katika Halmashauri ya Nsimbo, na baadaye Mishamo, iliyopo Wilaya ya Tanganyika. Wengi wao wamekwishapewa uraia wa Tanzania na watoto wao wanahudumiwa katika zahanati zilezile pamoja na majirani zao.

Kwa mtumishi wa afya, takwimu hizo zina tafsiri iliyo wazi. Mkoa ambao watu wake wameongezeka mara mbili unahitaji kuongeza watumishi mara mbili ili tu ubaki pale ulipokuwa. Ajira mpya zinapotangazwa na watumishi wapya wanaporipoti, mwananchi hutarajia foleni ipungue. Foleni isipopungua hudhani kwamba watumishi ni wazembe au kwamba ajira hazikufika. Mara nyingi ukweli ni kwamba waliofika wamemezwa na idadi ya watu kabla hawajazoea mazingira.

Shirika la Afya Duniani limewahi kuweka kigezo cha madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000 ili nchi iweze kutoa huduma muhimu kwa kiwango kinachokubalika. Kwa idadi ya watu iliyohesabiwa mwaka 2022, kigezo hicho kingeitaka Katavi iwe na zaidi ya watumishi 5,100 wa kada hizo. Nchi nyingi za Afrika bado ziko mbali na kiwango hicho. Hata hivyo hesabu hiyo inamsaidia kiongozi kusema jambo ambalo mtumishi anahitaji kulisikia likisemwa rasmi: kwamba uchovu wake una sababu inayopimika, na kwamba hautokani na udhaifu wake binafsi.

Desemba ni katikati ya mwaka

Jambo la pili linalozipa salamu za Desemba uzito wa pekee ni majira. Katavi hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Wakati wakazi wa mijini wanajiandaa kwa sikukuu, barabara nyingi za vijijini huanza kuharibika, mito hujaa na mbu wanaoeneza malaria huongezeka. Kazi ya shamba nayo hupamba moto, na mama mjamzito aliyehamia kambi ya shambani huwa mbali zaidi na kliniki kuliko alivyokuwa Agosti.

Barabara ya lami ya Tabora–Koga–Mpanda imeufungua mkoa kwa namna ambayo wenyeji waliosafiri kwa siku kadhaa miaka ya nyuma wanaielewa vyema. Dawa kutoka Bohari ya Dawa na mgonjwa wa rufaa husafiri kwa uhakika zaidi. Lakini lami inaishia kwenye barabara kuu. Kati ya barabara kuu na zahanati ya kijiji ipo njia ya udongo, na ndiyo hiyo inayoamua kama mama anayetokwa na damu atafika kwenye chumba cha upasuaji kwa wakati.

Kwa upande wa Serikali, mwaka wa fedha huanza Julai mosi na kwisha Juni 30. Maana yake ni kwamba Desemba ni nusu ya safari. Fedha za nusu ya pili bado zinaweza kuelekezwa panapouma, na halmashauri zinaingia katika maandalizi ya mipango na bajeti ya mwaka unaofuata, ukiwemo Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Kiongozi anayewaita watumishi wake Desemba na kuwauliza nini kiliwakwamisha anauliza wakati jibu bado linaweza kuingia kwenye bajeti. Anayesubiri Juni atapata orodha ya malalamiko ambayo mlango wake umekwisha kufungwa.

Kwa mantiki hiyo, kikao cha kufunga mwaka ni kikao cha kazi, hata kikiambatana na chakula na vyeti vya pongezi.

Kazi isiyoonekana

Ugumu mmoja wa kazi ya afya ni kwamba mafanikio yake makubwa hayaonekani. Mhandisi akimaliza daraja, wananchi hulivuka. Muuguzi akizuia kifo, hakuna kinachoonekana: mama anarudi nyumbani na mtoto wake, na siku inaendelea kama kawaida. Kinachokumbukwa ni siku ile moja ambayo mambo yalikwenda vibaya.

Ndiyo maana takwimu ni sehemu ya shukrani. Utafiti wa Hali ya Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa vifo vitokanavyo na uzazi nchini vimepungua kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000, kiwango kilichopatikana katika utafiti wa mwaka 2015/16, hadi 104. Vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Kinamama wanaojifungulia katika vituo vya kutolea huduma walifikia asilimia 81, kutoka asilimia 63. Matokeo haya ya kitaifa yamejengwa na mamilioni ya matukio madogo: mkunga aliyeamka usiku wa manane, mtaalamu wa maabara aliyepata damu ya kuongezwa, dereva aliyepita kwenye tope.

Katavi ina takwimu zake yenyewe. Utafiti wa mwaka 2015/16 uliutaja mkoa huu kuwa wa kwanza nchini kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwishazaa au walikuwa wajawazito. Utafiti wa mwaka 2022 ulionesha kiwango hicho kimeshuka hadi asilimia 34. Bado ni kiwango cha juu kuliko wastani wa Taifa wa asilimia 22, na hakuna anayepaswa kuridhika nacho. Lakini kushuka kwa pointi 11 katika mkoa ambao watu wake wanaongezeka kwa kasi namna hii ni kazi ya watu: walimu, wazazi, viongozi wa vijiji na wahudumu waliokubali kuzungumza na vijana bila kuwahukumu.

Mfano mwingine ni wa Septemba 2023. Baada ya mtoto mmoja mkoani Rukwa kuthibitika kupooza kutokana na virusi vya polio, Serikali iliendesha kampeni ya chanjo ya nyumba kwa nyumba katika mikoa sita: Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Songwe na Mbeya, ikiwalenga watoto wenye umri wa chini ya miaka minane. Ni wangapi leo wanaokumbuka kampeni hiyo? Kusahaulika kwake ni dalili kwamba ilifanya kazi iliyokusudiwa. Mwaka 2024, wahudumu haohao walishiriki kutoa chanjo ya kuwakinga wasichana wa miaka 9 hadi 14 dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo tangu Aprili mwaka huo hutolewa kwa dozi moja. Faida yake itaonekana baada ya miaka 20 au 30, pengine wakati aliyechoma sindano amekwishastaafu.

Kiongozi mkweli hataishia kwenye mazuri. Utafiti uleule wa mwaka 2022 ulionesha kuwa vifo vya watoto wachanga, yaani wanaofariki ndani ya siku 28 za kwanza, vilikuwa 24 kwa kila vizazi hai 1,000, kutoka 25. Hapa hatua ni ndogo mno. Mama ameokolewa kwa kiwango kikubwa, lakini mtoto aliyezaliwa njiti, aliyeshindwa kupumua au aliyepata uambukizi bado anatupotea. Kulisema hilo mbele ya watumishi hakuvunji moyo. Mtumishi aliyefunika mtoto na kumkabidhi mama asiye na la kusema anaijua takwimu hiyo kuliko mtu mwingine yeyote, na kiongozi asipoitaja humfanya mtumishi huyo abebe mzigo peke yake.

Somo kutoka Karema

Mkoa wa Katavi una historia yake ya uvumilivu katika utoaji wa huduma za afya. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kijana Mwafrika aitwaye Adrien Atiman. Alizaliwa katika eneo ambalo leo ni nchi ya Mali, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari na kusomeshwa utabibu katika kisiwa cha Malta. Alihudumu Karema kama tabibu na katekista kwa zaidi ya miongo sita, hadi alipofariki mwaka 1956. Hospitali ya Dkt. Atiman iliyopo Sumbawanga imebeba jina lake.

Historia yake husimuliwa kwa kuvutia, na ni rahisi kiongozi kuitumia vibaya kwa kuwaambia watumishi wa leo: vumilieni kama Atiman. Somo lake ni pana zaidi ya hapo. Atiman alijenga familia Karema, akawa mwenyeji. Alibaki kwa sababu alikuwa na maisha mahali alipofanya kazi. Mtumishi wa leo naye atabaki pale atakapoweza kuishi: penye nyumba, maji, umeme, shule ya watoto na mwenza aliye karibu. Moyo wa kujitolea ni hazina, lakini hauwezi kuwa mbadala wa nyumba ya mtumishi.

Shukrani inapogeuka mpango

Kutokana na hayo, salamu za mwisho wa mwaka zinaweza kupimwa kwa maswali machache ambayo mtumishi hujiuliza anaporudi zamu.

Kwanza, je, kiongozi anaijua kazi yangu? Mfumo wa PEPMIS, uliochukua nafasi ya OPRAS, unamtaka kila mtumishi wa umma aandike kazi zake na msimamizi azithibitishe. Mfumo huo ukitumika kwa haki, pongezi za Desemba na chaguo la mfanyakazi hodari wa Mei Mosi zitategemea kumbukumbu badala ya ukaribu wa mtu na ofisi. Mtumishi wa zahanati ya pembezoni, ambaye hukutana na Mganga Mkuu wa Halmashauri mara chache kwa mwaka, ndiye atakayenufaika zaidi.

Pili, je, stahiki zangu zinashughulikiwa? Kupandishwa daraja, posho ya kujikimu, fedha za likizo na malipo ya muda wa ziada ni haki zinazosimamiwa na taratibu za utumishi. Kiongozi anayetaja yaliyolipwa, yaliyobaki na lini yatalipwa hutuliza watumishi zaidi ya anayetoa hotuba ndefu.

Tatu, je, nitapata msaada nitakapokwama usiku? Mfumo wa M-mama, uliozinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2022, umejibu sehemu ya swali hili. Kwa kupiga namba 115 bila malipo, dharura ya mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga hupokelewa na kituo cha uratibu, na usafiri hutafutwa. Gari la wagonjwa lisipopatikana kwa haraka, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu. Uimara wa mfumo huu katika miezi ya mvua unategemea mambo ya kawaida kabisa: orodha ya madereva iliyohuishwa, namba zinazopatikana, na uamuzi wa mapema wa kutoa rufaa. Hayo hukaguliwa kabla mito haijajaa.

Nne, je, nitapunguziwa mzigo? Januari 31, 2024, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, Dkt. Philip Mpango, alizindua Mpango Jumuishi wa Wahudumu wa Afya ngazi ya Jamii, unaolenga kuwa na wahudumu 137,294 nchini ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Kwa mkoa wenye vijiji vilivyotawanyika kama Katavi, mhudumu anayemtambua mjamzito akiwa nyumbani na kumfikisha kliniki mapema anamwokoa mama, na pia anampunguzia mkunga dharura ambayo ingezuilika.

Ngazi za usimamizi nazo zina nafasi yake. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ipo chini ya Wizara ya Afya, wakati zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri zipo chini ya TAMISEMI. Mgonjwa haujui mgawanyo huo, wala hapaswi kuusumbukia. Salamu zenye manufaa ni zile zinazowakutanisha watumishi wa pande zote mbili: aliyetoa rufaa ajue mgonjwa wake aliishia wapi, na aliyepokea aseme nini kingefanyika mapema zaidi. Kurudishiwa taarifa ya mgonjwa uliyempigania usiku kucha ni pongezi isiyohitaji fedha ya bajeti.

Nafasi ya mwananchi

Mwananchi wa Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika ana sehemu yake katika kufunga mwaka huu. Mjamzito aanze kliniki ndani ya wiki 12 za kwanza na familia iweke namba 115 kwenye simu kabla ya siku ya uchungu. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa siku ileile, kwa kuwa malaria ya msimu wa mvua haisubiri gulio lipite. Kaya ambazo hazijajiunga na bima ya afya zitumie mapato ya mazao kufanya hivyo; mwaka 2024 mchango wa Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulikuwa Shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, wakati nchi ilipokuwa ikijiandaa na utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023.

Malalamiko pia ni haki. Mwananchi aliyehudumiwa vibaya atumie sanduku la maoni, kamati ya usimamizi wa kituo au uongozi wa halmashauri, maana kumtia moyo mtumishi mwema hakuna maana ya kumfumbia macho anayewaumiza wagonjwa. Vilevile aliyehudumiwa vizuri aseme. Barua ya mstari mmoja kwa mganga mfawidhi, yenye jina la muuguzi na tarehe ya huduma, huingia kwenye kumbukumbu na humfikia mtu ambaye huenda alikuwa ameanza kukata tamaa.

Usiku wa kuamkia Januari mosi, zamu zitaendelea katika wodi za wazazi kote mkoani. Watumishi watakaokuwa kazini hawatasikia hotuba yoyote. Watakachohitaji usiku huo ni glavu, oksijeni, damu, taa inayowaka na simu inayopokelewa upande wa pili. Kiongozi aliyehakikisha vitu hivyo vipo atakuwa amekwishawapa salamu za mwaka mpya.